Mwongozo wa Kutambua na Kueleza Tamathali za Usemi katika Kazi ya Fasihi

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kutumika nchini Uganda mwaka 2020, Kiswahili kilifanywa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Tangu hapo, wanafunzi wengi wanaokutana na fasihi ya Kiswahili kwa mara ya kwanza huleta maswali yale yale kuhusu tamathali za usemi, yaani maneno yanayotumiwa kwa maana isiyo ya kawaida. Tashibiha na sitiari zinatofautianaje? Je, kila penye neno "kama" pana tashibiha? Kwa nini nimetaja tamathali sita na bado nimepata alama chache? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa utaratibu ambao unaweza kuufuata ukiwa peke yako, iwe uko Kampala, Arua au Kasese.

Jambo moja lishike mapema. Wanafunzi wengi huanza na majina: hukariri orodha ndefu ya tamathali, kisha huingia katika hadithi wakitafuta mahali pa kuyabandika majina hayo. Njia hiyo huchosha na hupotosha. Hapa tutaanza na maana, tutafuata ulinganisho, na jina litakuja baadaye, kwa sababu jina pekee halimwambii msomaji lolote kuhusu hadithi anayoisoma.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tafuta kwanza kifungu kifupi, cha aya moja au ubeti mmoja. Usianze na riwaya nzima. Ikiwa kitabu ni cha maktaba, nakili kifungu hicho katika daftari lako ili uweze kukipigia mistari bila kuharibu mali ya shule. Andaa penseli, na ukurasa mmoja wa daftari uliogawanywa katika safu tatu zilizo wazi.

Uwe pia na kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi ya lugha mbili hukupa neno la karibu upesi, lakini mara nyingi huishia kwenye maana ya kwanza, ilhali tamathali hupenda kukaa katika maana ya pili au ya tatu.

Mwisho, chagua mkondo mmoja wa istilahi na uandike ndani ya jalada la daftari lako. Hili ni muhimu hasa kwetu Uganda, kwa kuwa tunatumia vitabu vilivyoandikwa Kenya na vilivyoandikwa Tanzania, na vitabu hivyo havikubaliani kila mahali. Kile ambacho kitabu kimoja hukiita tashibiha, kingine hukiita tashbihi. Sitiari ni ile ile istiari au istiara. Tashihisi huitwa pia uhuishi. Mubalagha na chuku ni jambo moja, na takriri huitwa pia uradidi. Tofauti hizo ni za majina tu na hazina madhara. Zenye hatari ni zile ambazo jina moja hubeba maana mbili. Kusema kinyume cha ukweli kwa nia ya kubeza, vitabu vingi vya Tanzania hukuita kejeli, ilhali vitabu vya Kenya huweka kinaya kwa ajili ya mambo yaliyo kinyume na matarajio na kejeli kwa ajili ya maneno ya kubeza. Taashira nayo wengine huitumia kwa maana ya ishara, na wengine kwa maana ya kutaja kitu kwa jina la kingine kilichohusiana nacho. Ukichanganya mikondo miwili katika jibu moja, msahihishaji hatajua unachokusudia.

Matini ya mazoezi

Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya mwongozo huu. Nalubaale ni jina ambalo Waganda hulitumia kwa Ziwa Viktoria.

"Jua lilikuwa halijafumbua macho Nakato alipofika mwaloni. Ziwa lilinung'unika taratibu, likailamba mitumbwi kama ndama alambaye chumvi. Musoke, simba wa mwalo ule, alikuwa amekaa juu ya gogo akiwatazama wavuvi kwa muda mrefu bila kutamka neno. Nakato alikuwa ameingoja siku hii miaka elfu moja. Nyumbani vinywa vitano vilikuwa vikimsubiri, na mumewe alikuwa ameaga dunia tangu mvua za masika. 'Kumbe leo umetuletea utajiri wote wa Nalubaale!' Musoke alimwambia mvuvi aliyeshusha sangara wawili wadogo. Ndoo ikamponyoka Nakato, ikaanguka majini chubwi! Mtu atauza nini, ikiwa ziwa lenyewe limefumba mkono?"

Hatua ya 1: Soma kifungu chote bila kushika penseli

Kisome mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Kisha andika kwa sentensi moja ya kawaida kile kinachotendeka. Kwa mfano: mjane maskini amekwenda ziwani alfajiri kununua samaki wa kuuza, lakini samaki ni wachache na anayetawala biashara hiyo ni mtu mwingine. Sentensi hiyo itakuwa kipimo chako katika hatua zote zinazofuata, kwa maana maelezo yoyote ya tamathali yasiyopatana nayo yatakuwa na kasoro.

Tahadhari: usiruke hatua hii kwa kudhani kwamba inapoteza muda. Mwanafunzi asiyejua kinachotendeka katika kifungu hana namna ya kujua kama maneno yametumika kwa maana ya kawaida au yamepewa maana nyingine.

Hatua ya 2: Pigia mstari kila mahali panapokataa kusomwa kama palivyo

Chukua penseli sasa, na kwa kila sentensi uliza: je, jambo hili linaweza kutendeka kama lilivyosemwa? Jua halina macho ya kufumbua. Ziwa halina ulimi. Musoke ni mtu, hawezi kuwa simba. Hakuna aliyewahi kungoja kitu miaka elfu moja. Vinywa haviwezi kukaa nyumbani bila watu wenyewe. Sangara wawili wadogo hawawezi kuwa utajiri wa ziwa zima. Kila penye jibu la hapana, piga mstari.

Baada ya hapo rudia kifungu kwa swali la pili: je, umbo la maneno lenyewe limefanywa lisiwe la kawaida? Swali hili litakunasia yale ambayo la kwanza limeyaacha. Sauti "chubwi" inaiga mlio halisi, na swali la mwisho halina mtu anayetarajiwa kulijibu. Mambo haya hayageuzi maana ya neno, yanacheza na sauti na muundo, na ndiyo maana baadhi ya walimu hawayaweki katika tamathali zenyewe bali katika kundi la mbinu nyingine za kisanaa, pamoja na takriri (kurudia neno) na nidaa (maneno ya mshangao). Swali la mtihani likitaka tamathali za usemi peke yake, anza na zile za kundi la kwanza.

Kuna msaada ambao sarufi ya Kiswahili hutupa na ambao wanafunzi wengi hawautumii. Angalia upatanisho wa kisarufi. Mwandishi akiandika "njaa alibisha hodi" badala ya "njaa ilibisha hodi", amelihamisha neno njaa kutoka ngeli yake na kulipa upatanisho wa viumbe vyenye uhai, na kwa kufanya hivyo ametangaza waziwazi kwamba njaa imekuwa mtu. Wengine huongeza herufi kubwa na kuandika Njaa. Basi jizoeze kutazama kiambishi cha kitenzi kabla ya kitenzi chenyewe. Ndiyo maana pia mwanafunzi anayezoea kuchanganya ngeli katika mazungumzo hupitwa na tamathali hizi: haoni kwamba kuna kitu kimebadilishwa.

Hatua ya 3: Jaza safu tatu

Katika safu ya kwanza andika kinachosemwa, katika ya pili kinachokusudiwa, na katika ya tatu kinachoviunganisha. Safu mbili za kwanza hujazwa upesi. Ya tatu ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayomtofautisha anayeelewa na anayekisia.

Tuchukue "simba wa mwalo ule". Safu ya kwanza ni simba, ya pili ni Musoke. Katika ya tatu wanafunzi wengi huandika "ukali" mara moja, kwa kuwa wamezoeshwa kwamba simba ni mkali. Hebu rudi kwenye kifungu. Musoke hajanguruma, hajamrukia mtu. Amekaa juu ya gogo, ananyamaza na kutazama. Simba aliyekusudiwa hapa ni yule aliyetulia katika eneo lake, ambaye hahitaji kufanya fujo kwa sababu kila aliyepo anajua nani mwenye nguvu. Kwa hiyo safu ya tatu isomeke "mamlaka yasiyohitaji kelele". Mnyama ni yule yule, lakini muktadha ndio uliochagua sifa moja kati ya sifa zake nyingi.

Vivyo hivyo kwa ndama. Ndama alambaye chumvi hufanya hivyo polepole, kwa kurudiarudia, bila nia mbaya. Ndiyo sura ya ziwa lililotulia alfajiri. Kama mwandishi angeandika "kama fisi alambaye mfupa", ziwa lingekuwa lile lile na mitumbwi ile ile, lakini msomaji angeanza kuhofu kwamba kuna mtu atakufa maji kabla ya ukurasa kwisha.

Tahadhari: usijaze safu ya tatu kwa sifa unayoijua kutoka kwingine. Ijaze kwa ile inayothibitishwa na maneno yaliyo mbele yako.

Hatua ya 4: Sasa tafuta jina

Ukishajaza safu zako, jina hupatikana bila taabu kubwa. Fuata maswali haya kwa mpangilio.

Je, kuna neno la wazi la kulinganisha, kama vile kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, ja, au utadhani? Ikiwa lipo, huenda una tashibiha. Nimesema huenda kwa sababu neno "kama" lina kazi nyingi katika Kiswahili, na hapa ndipo wanaoanza hupoteza alama nyingi kuliko mahali pengine popote. "Kama mvua itanyesha" ni sharti. "Watu kama ishirini" ni makadirio. "Mazao kama kahawa na chai" ni utoaji wa mifano. "Alifanya kazi kama mwalimu" hutaja wadhifa. "Sijui kama amefika" ni mashaka. "Kama alivyosema mzee" hurejelea kauli. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo tashibiha. Hata pale panapolinganishwa vitu kweli, tazama kama vitu hivyo ni vya jinsi mbalimbali: "Nakato ni mrefu kama dada yake" ni taarifa ya urefu, ilhali "Nakato ni mrefu kama mvule" ni tashibiha, kwa sababu mtu amewekwa kando ya mti.

Ikiwa neno la kulinganisha halipo na kitu kimoja kimetajwa kuwa ndicho kingine, una sitiari. Usingoje kuona neno "ni". "Musoke ni simba" ni sitiari, na "Musoke, simba wa mwalo ule" ni sitiari vilevile. Sitiari huweza pia kukaa katika kitenzi peke yake, kama tunaposema kwamba maneno yalimchoma mtu. Hata hivyo, acha zile zilizozoeleka mpaka zikawa majina ya kawaida, mfano mguu wa meza au kichwa cha habari. Hizo zilikuwa sitiari hapo zamani, na leo hakuna msomaji anayeziona.

Ikiwa kitu kisicho na uhai au wazo limepewa matendo na hisia za kiumbe hai, hasa za binadamu, hiyo ni tashihisi: jua kufumbua macho, ziwa kunung'unika, ziwa kufumba mkono. Katika ngano, sungura na fisi huzungumza tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kweli kwamba hiyo ni tashihisi, lakini ni desturi ya utanzu wenyewe. Itaje mara moja kwa ngano nzima, usiihesabu upya kila sungura anapofungua mdomo.

Ikiwa sehemu imetajwa kwa niaba ya kitu kizima, au kizima kwa niaba ya sehemu, ni sinekdoki. "Vinywa vitano" ni watu watano waliotajwa kwa kiungo kimoja. Ikiwa kilichotajwa si sehemu ya kitu bali kina uhusiano nacho tu, ni metonimia: "Kampala imetoa msimamo wake" humaanisha serikali iliyo Kampala, na "kuishi kwa jembe" humaanisha kuishi kwa kilimo. Jiulize tu: je, hiki ni kipande cha kile? Kinywa ni kipande cha mtu, lakini jembe si kipande cha kilimo.

Yaliyobaki hayana ugumu. Kutia chumvi kupita kiasi, kama "miaka elfu moja", ni chuku. Kupunguza ukali wa neno, kama "ameaga dunia", ni tafsida. Maneno ya Musoke kuhusu utajiri wa Nalubaale ni kejeli, kwani anasema kinyume cha anachokiona kwa nia ya kumdhalilisha mvuvi. "Chubwi" ni tanakali ya sauti. Swali la mwisho ni swali la balagha.

Je, methali na nahau ni tamathali? Swali hili huulizwa kila muhula. Methali ni semi, nayo ina mahali pake katika fasihi simulizi, lakini ndani yake huweza kukaa tamathali. "Subira ni ufunguo wa faraja" imebeba sitiari, na "Haraka haraka haina baraka" imebeba takriri. Kwa hiyo jibu zuri litaitaja methali kuwa methali, kisha litaonyesha tamathali iliyomo. Nahau nayo huweza kufanya kazi ya tafsida, kama ilivyo kwa kuaga dunia.

Hatua ya 5: Eleza kazi yake mahali hapo

Hii ndiyo hatua ambayo mwongozo mzima umeandikwa kwa ajili yake. Njia yake ni rahisi kuijaribu: ondoa tamathali, weka maneno ya kawaida, soma sentensi upya, kisha andika kilichopotea. Kilichopotea ndicho kazi ya tamathali hiyo.

Tujaribu. "Nyumbani watoto watano walikuwa wakimsubiri." Sentensi ni sahihi, na idadi ni ile ile. Kilichopotea ni njaa. Mwandishi alipowataja watoto kwa vinywa vyao, alituonyesha namna Nakato anavyowafikiria akiwa njiani asubuhi ile: hawazi nyuso zao wala majina yao, anawaza watakula nini. Umaskini wake umesemwa bila neno umaskini kutajwa.

Jaribu tena: "Mumewe alikuwa amekufa tangu mvua za masika." Kilichopotea ni staha. Sauti ya msimulizi katika sentensi ya asili inamsogelea Nakato kwa heshima, haitaki kulitaja jambo lile kwa ukali wake. Sasa weka tafsida hiyo karibu na kejeli ya Musoke inayofuata mara moja, nawe utaona kwamba kifungu kina sauti mbili zinazopingana, moja yenye upole kwa mnyonge na nyingine yenye dharau. Uchunguzi kama huu una thamani kuliko kutaja majina kumi.

Angalia pia mahali tamathali ilipowekwa. Ziwa linaonekana kama kiumbe mara mbili: mwanzoni linalamba mitumbwi kwa upole, mwishoni limefumba mkono. Kati ya sehemu hizo mbili Nakato amesikia dharau na ndoo imemponyoka. Ziwa halijabadilika, anayelitazama ndiye aliyebadilika. Tamathali za jamii moja zinapojirudia katika kifungu, zisome pamoja, kwa kuwa mara nyingi ndizo zinazobeba mkondo wa hisia.

Tahadhari: epuka kabisa majibu kama "imetumika kupamba lugha", "imetumika kumvutia msomaji" na "imefanya kazi ipendeze". Jibu linaloweza kuandikwa chini ya tamathali yoyote katika kitabu chochote halijaeleza tamathali hata moja.

Hatua ya 6: Andika jibu

Kila tamathali inastahili sentensi mbili au tatu zenye mambo manne: jina, maneno yenyewe kutoka katika matini, ulinganisho au mabadiliko ya maana, na kazi yake katika muktadha. Linganisha majibu haya mawili.

Jibu dhaifu: "Mwandishi ametumia sitiari. Mfano, Musoke ni simba. Inapamba kazi." Mwanafunzi huyu amebadilisha hata maneno ya mwandishi, maana katika kifungu hakuna sentensi isemayo "Musoke ni simba".

Jibu lenye uzito: "Mwandishi ametumia sitiari anapomwita Musoke 'simba wa mwalo ule'. Musoke amefananishwa na simba aliyetulia katika eneo lake, kwa kuwa amekaa juu ya gogo akiwatazama wavuvi bila kusema neno. Sitiari hii inaonyesha kwamba mamlaka yake juu ya biashara ya samaki yanajulikana na wote, na inamfanya Nakato aonekane mnyonge hata kabla hajazungumza naye."

Soma kitenzi cha swali kabla ya kuandika. Ukiambiwa "taja", jina na mfano vinatosha. Ukiambiwa "eleza" au "fafanua", mambo yote manne yanahitajika. Ukiambiwa "jadili", zihusishe tamathali na dhamira ya kazi nzima.

Hatua ya 7: Rudia hatua zote kwa ubeti

Ushairi huwatisha wengi, ingawa hatua ni zile zile. Tumia ubeti huu:

Mto wetu wakimbia, tangu Jinja hauchoki,
Kwa miamba hupitia, hucheka hausumbuki,
Nawe leo unalia, kwa mwiba si kwa mkuki,
Inuka mwana inuka, mto haurudi nyuma.

Kinachotendeka: mtu mzima anamtia moyo kijana anayelia, akimwonyesha mfano wa mto unaoanza safari yake Jinja. Mto usiochoka na unaocheka ni tashihisi. Mwiba na mkuki ni sitiari mbili zilizowekwa kwa ulinganuzi: moja ni taabu ndogo, nyingine ni taabu kubwa, na mshairi anamwambia kijana kwamba aliyonayo ni ile ndogo. Kurudiwa kwa "inuka" ni takriri, na kwa kuwa limezunguka neno "mwana", agizo limekuwa na upole wa mzazi. Mto wenyewe, ukiutazama katika ubeti wote, umekuwa ishara ya maisha yanayosonga mbele bila kungoja mtu. Hapo ndipo sitiari na ishara zinapoachana: sitiari humalizika katika sentensi yake, ishara hutembea katika kazi nzima ikikusanya maana.

Tahadhari: vina, mizani, vipande na kituo ni umbo la shairi. Usiviorodheshe miongoni mwa tamathali, hata kama umevihesabu kwa usahihi.

Hatua ya 8: Tunga zako mwenyewe

Andika sentensi tano kuhusu mahali unapopajua, soko la Owino, bustani ya kahawa Mbale, au barabara ya boda boda karibu na kwenu, na katika kila sentensi weka tamathali moja. Ulinganisho wako utoke katika vitu ulivyoviona kwa macho yako. Mwanafunzi wa Kabale anayeandika "baridi kali kama theluji" bila kuwahi kuiona theluji ameazima macho ya mtu mwingine, ilhali ukungu wa asubuhi juu ya vilima vyake ungempa mengi ya kusema. Mpe mwenzako sentensi hizo azijazie safu tatu; akishindwa kujaza ya tatu, rekebisha sentensi.

Utatuzi wa matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

Maneno mamoja yana tamathali mbili. Hali hii ni ya kawaida. "Likailamba mitumbwi kama ndama" ina tashihisi katika kitenzi na tashibiha katika ulinganisho. Zitaje zote mbili, lakini eleza kila moja kwa kazi yake, au chagua iliyo na nguvu zaidi kama swali linataka moja.

Kitabu kinasema jina moja na mwalimu jingine. Tumia istilahi ya mwalimu wako au ya kitabu kilichoidhinishwa kwa darasa lako, kisha toa ufafanuzi mfupi wa jina hilo ndani ya jibu. Ufafanuzi ukiwa wazi, tofauti ya jina haitaficha uelewa wako.

Sioni tamathali yoyote katika ukurasa. Huenda kweli hazipo, kwani waandishi hodari huweza kwenda kurasa kadhaa kwa lugha nyoofu. Ila kabla ya kukata tamaa, angalia vitenzi. Wanaoanza hutazama nomino peke yake, nazo sitiari na tashihisi nyingi zimo katika vitenzi.

Silielewi neno lenye tamathali. Tafuta maana zote katika kamusi, kisha jaribu kila moja ndani ya sentensi. Ukiwa katika chumba cha mtihani huna kamusi, acha tamathali hiyo na uchukue nyingine unayoweza kuieleza hadi mwisho.

Mhusika anaitwa Bahati na maisha yake ni ya taabu tupu; hiyo ni nini? Ikiwa jina linapingana na hali yake, eleza kinaya kilichomo. Ikiwa jina linapatana na tabia yake, vitabu vingi vya shule vya Kenya huita majazi, na ikiwa ni jina la kupanga alilopewa na watu wengine, ni lakabu.

Muda wa mtihani hautoshi. Chagua tamathali za aina mbalimbali badala ya tashibiha nne zinazofanana, anza na zile ambazo safu yake ya tatu umeijaza kwa uhakika, na andika maneno ya matini ndani ya alama za kunukuu kama yalivyo, bila kubadilisha hata kiambishi kimoja.